Usisome, Tazama Kamera

Tangazo lilikuwa limebandikwa kwenye mlango wa maktaba kwa gundi nyingi, kana kwamba waliogopa nalo litaenda likizo. *Maktaba itafungwa kipindi chote cha likizo ili kuwapa wanafunzi nafasi ya kutosha ya kujisomea. Itafunguliwa Jumatatu ya kuanza mitihani.* Chini yake palikuwa na mhuri, na sahihi yenye madaha ya mtu ambaye masanduku yake yameshafungwa.

Marudio aliyasoma maneno hayo upya, taratibu, akitafuta mahali palipoandikwa kwamba wanatania. Hapakuwepo. Akabana uso kwenye kioo cha mlango, viganja pembeni ya macho. Ndani, viti vilikuwa vimepinduliwa juu ya meza, miguu hewani kama mbuzi waliokufa.

"Wewe! Hicho kioo unataka kukinunua?"

Mlinzi alikuwa ameketi kivulini, kwenye kiti cha chumba cha kusomea. Kiti hicho ndicho kitu pekee cha maktaba kilichokuwa kinafanya kazi.

"Shikamoo mzee. Naomba kuingia kidogo tu. Kuna kitabu."

"Ndani humo vipo vingi. Ndiyo maana panaitwa maktaba." Alijichekea mwenyewe, maana hapakuwa na mwingine wa kumsaidia. "Mbona kichwa cheupe hivyo? Umezeeka njiani?"

Marudio alijipapasa nywele. Unga.

Mabweni yalifungwa siku moja na maktaba, naye akahamia kwa shangazi yake mwenye mashine ya kusaga. Chumba alichopewa kilikuwa nyuma ya ukuta wa mashine. Kuanzia asubuhi ukuta ulitetemeka, taa ikacheza, maandishi yakarukaruka kwenye daftari. Unga ulipita juu ya ukuta ambapo fundi alikata tamaa kabla ya kufika kwenye dari, ukatua kwenye kitanda, kwenye kikombe, kwenye kope. Alijaza pamba masikioni akasoma notsi zake za Takwimu, mpaka akagundua kwamba notsi zenyewe kila ukurasa wa pili zinasema: *tazama kitabu, sura ya tisa.*

Kitabu kilikuwa kimoja chuo kizima. Aliyekiandika ndiye mwalimu wao wa Takwimu, na mtihani alikuwa anauchota humo humo, sura ya tisa, mwaka nenda mwaka rudi, akibadilisha tarakimu tu kama mtu anayegeuza shati lionekane jipya. Kilikaa rafu ya akiba. Hakiazimwi, hakitoki mlangoni. Nakala nyingine, mwalimu alisema, zimeisha. Alisema kwa fahari, kama mikate.

Mwaka uliopita Marudio alianguka Takwimu, na jina lake la kuzaliwa likaanguka naye. Darasa likamwita Marudio. Mwalimu mwenyewe akampokea hivyo hivyo: "Marudio, safari hii utatuaga au utatutembelea tena?" Kanuni ya chuo haikuwa na mzaha kama wao. Ukianguka somo lile lile mara ya pili, unakunja godoro urudi kwenu.

Na kitabu alijua kilipo, maana alikizika mwenyewe.

Kuzika lilikuwa jambo la kawaida. Ukimaliza kusoma hukirudishi kitabu rafuni, unakichomeka mahali ambapo hakuna mwenye akili timamu atapeleka mkono, ili kesho ukikute. Kila mtu alizika, kila mtu akawalaani wanaozika. Marudio, aliyekuwa amezikiwa mwaka mzima uliopita, safari hii aliwahi. Siku ya mwisho alikisukuma nyuma ya ripoti za mwaka za chuo, safu ndefu ya majalada mekundu yenye maandishi ya dhahabu, ambayo tangu yaletwe hayajawahi kumwona msomaji. Akatoka anajipongeza. Kesho yake gundi ya tangazo ilikuwa bado mbichi.

"Mzee, ni sura moja tu. Nitasimama hata mlangoni unanitazama."

"Mimi nimeambiwa nisiingize mtu."

"Na vitabu vimeambiwaje?"

Mlinzi aliacha kucheka. "Ondoka, dada wa unga. Ondoka kabla sijasahau kwamba umeniamkia."

Siku iliyofuata alirudi. Akafukuzwa. Siku nyingine akazunguka nyuma, akakuta madirisha yana nondo. Shangazi alimwona akirejea mapema na viatu vya vumbi, akapunguza kasi ya mashine ili asikike.

"Wewe mtoto wa kaka yangu, chuo gani hicho kinafunga vitabu watu wasome? Hata mimi nikifunga mashine, siwaambii wateja nimewapa nafasi ya kusaga."

"Shangazi, niache."

"Nikuache vipi, na baba yako kila akipiga simu ananiuliza umefikia wapi? Nimwambie umefikia getini?"

Alhamisi ya mwisho wa likizo, Marudio alikuta geti wazi.

Pembeni ya njia palikuwa na vyungu vya maua ambavyo jana havikuwepo. Zulia jekundu lilipanda ngazi za maktaba. Mlango wenye tangazo ulikuwa umefunguliwa pande zote mbili na kubanwa ukutani, tangazo likatazama matofali. Mlinzi, aliyevaa kofia safi, alimwona, akanyoosha kidole. Marudio aligeuka akimbie.

"Huyo hapo, Madamu! Huyo ni mwanafunzi!"

Mkutubi mkuu alishuka ngazi akiwa na mkufu wa lulu na hasira ya siku nzima. "Wewe ni wa hapa? Una kitambulisho? Kilete. Sawa, nakaa nacho. Njoo upesi. Chuo kizima hakina mwanafunzi hata mmoja, sijui wamekwenda wapi."

"Mabweni mmeyafunga, Madamu."

"Nimekuuliza?"

Alipita zulia jekundu. Mlangoni alinusa karatasi kuukuu na rangi mpya, na moyo wake ukaanza kudunda kuliko mashine ya shangazi. Viti vilikuwa vimeshushwa na kuvishwa vitambaa. Kitambaa kikubwa kilining'inia: *WIKI YA KUSOMA. MAKTABA NI YAKO.* Mgeni rasmi alikuwa njiani kuizindua, na mpiga picha alitaka msomaji.

Katibu muhtasi alimpangusa unga kwa taulo la choo cha wafanyakazi, akamvisha blauzi yake mwenyewe, ambayo ilikuwa na nafasi ya mtu mwingine mgongoni. Wakaibana kwa pini. "Usigeuke," katibu alimwambia. "Kwa mbele wewe ni tajiri."

Mpiga picha alizunguka ukumbi akifumba jicho moja. Vitabu vya sheria vimechakaa, alisema. Vya tiba vina plasta. Kisha akasimama mbele ya safu ndefu ya majalada mekundu yenye maandishi ya dhahabu.

"Hapa! Hivi ndivyo vitabu! Mleteni binti."

Wakaweka meza. Wakamketisha Marudio mgongo kwa ripoti za mwaka. Kitabu chake kilikuwa karibu mno na shingo yake, hivi kwamba kama kingekuwa na pumzi angeisikia.

"Kaka," alimwambia mpiga picha, "naweza kuchagua mwenyewe cha kushika?"

"Chochote, mradi kiwe kinene."

Aliinuka, akatoa majalada mawili mekundu, akaingiza mkono hadi kwenye kiwiko. Kilikuwepo. Kona yake iliyoliwa, jalada lake la rangi ya chai. Hakuketi sawasawa kabla hajafika sura ya tisa. Macho yake yalishuka ukurasa kama mtu anayekunywa maji kwenye bomba lisiloaminika. Swali la kwanza aliliona, na hatua zake zote. Akaanza la pili.

"Dada, inua uso."

Aliinua, akaushusha.

"Usisome! Ukisoma unainama, napata utosi. Tazama kamera. Tabasamu, kama umeelewa."

"Bado sijaelewa, kaka, ndiyo maana nasoma."

"Utaelewa nyumbani. Hebu shika kitabu kikunjuke, kurasa zionekane. Hapo hapo. Usipepese."

Akapiga, akapiga tena. Kati ya picha na picha Marudio aliiba mstari mmoja, nusu mstari.

"Kaka, basi huu ukurasa upige vizuri, uniwekee."

"Ukurasa utatoka ukungu. Nimelenga uso."

Nje magari yakafunga breki. Mkutubi mkuu akavuta shingo yake ndefu, wafanyakazi wakajipanga, na mgeni rasmi akaingia na kundi lake, akinukia marashi na haraka. Alisoma hotuba kuhusu taifa linalosoma bila kuinua macho. Hakuna aliyemwambia atazame kamera. Kisha, kama ilivyopangwa, akasogea kwenye meza ya msomaji. Marudio alikuwa katikati ya swali la tatu.

"Binti, hongera. Unasoma nini?"

"Takwimu, mheshimiwa. Nina mtihani Jumatatu."

"Safi sana!" Akamgeukia mkutubi mkuu. "Na vijana wanakaa hapa mpaka saa ngapi?"

"Muda wote, mheshimiwa," alisema mkutubi mkuu. "Wanatushinda hata kuwatoa."

Marudio hakupanga kusema. Alitaka kuinamisha kichwa amalize swali la tatu. Lakini aliona mkono wa Madamu umeshatua kwenye kona ya kitabu, taratibu, tayari kukichukua mara tu mgeni akigeuka.

"Imefungwa, mheshimiwa," alisema. "Likizo nzima ilikuwa imefungwa. Leo imefunguliwa kwa ajili yako. Ukiondoka inafungwa."

Mgeni rasmi alimtazama, akamtazama Madamu, akautazama mlango ambao magari yake yalikuwa yanaunguruma nje yake. Kisha akacheka. Alicheka vizuri, kwa tumbo.

"Vijana wa leo kwa utani!"

Ukumbi wote ukacheka. Mkutubi mkuu alicheka kuliko wote, na mkono wake haukutoka kwenye kitabu.

Vumbi la msafara lilikuwa bado hewani Madamu alipomwita ofisini.

"Hiki kitabu ni cha rafu ya akiba. Mwalimu wake amekuja kukilalamikia mara ngapi mimi naapa hakijaibwa! Umekitoa nyuma ya ripoti za mwaka. Nani alikiweka huko?"

Marudio aliutazama mkufu wa lulu.

"Nakuuliza wewe, mcheshi. Nichekeshe na mimi."

"Kila mtu anazika, Madamu."

"Mimi nimemwona mmoja." Aliweka kitabu kwenye droo, akaweka na kitambulisho cha Marudio juu yake, akafunga kwa ufunguo. "Kuficha mali ya chuo. Kitambulisho utakuja kukichukua maktaba ikifunguliwa. Vua blauzi ya watu."

"Madamu, Jumatatu bila kitambulisho sitaingizwa kwenye mtihani."

"Si tumesema maktaba inafunguliwa Jumatatu? Wewe si unajua ratiba zetu kuliko sisi?"

Jumatatu alifika na mapambazuko, nywele amezifunga kitambaa unga usimguse. Maswali mawili na nusu alikuwa nayo kichwani, ameyabeba tangu Alhamisi kama maji kwenye viganja. Mlango wa maktaba ulikuwa na kufuli. Mlinzi alikuwa kwenye kiti chake.

"Mzee, shikamoo. Madamu amefika?"

"Haji leo."

"Maktaba inafunguliwa leo. Imeandikwa."

"Imeandikwa, ndiyo. Lakini Madamu Alhamisi alifanya kazi siku ya likizo. Leo anafidia." Alikwangua udongo kwa kisigino, na kwa mara ya kwanza hakuona cha kuchekesha. "Ufunguo anao yeye."

Alikimbia. Kwenye mlango wa chumba cha mtihani wenzake walikuwa wameshapanga mstari, kila mmoja na kitambulisho kifuani. Mmoja alipaza sauti: "Marudio! Nani alizika kile kitabu? Mungu amwone!" Wengine wakaitikia amina. Msimamizi, kijana mwenye miwani, alimzuia kwa rula.

"Kitambulisho."

"Kiko kwenye droo ya mkutubi mkuu. Muulize."

"Simjui mkutubi mkuu. Kitambulisho."

"Kaka, tazama kule." Marudio alinyoosha kidole kuvuka uwanja. Kwenye ukuta wa maktaba, kuanzia chini ya madirisha hadi kwenye paa, lilikuwa limetandazwa bango lililopandishwa wikiendi. Binti mwenye blauzi nzuri, meno nje, kitabu kimekunjuliwa mbele yake. *MAKTABA NI YAKO.* "Huyo ni mimi."

Msimamizi alisukuma miwani. Alilitazama bango, akamtazama yeye, akalitazama tena, kwa haki kabisa.

"Ni wewe," alisema. "Kweli ni wewe. Lakini bango halina namba ya usajili."

Akamwomba asogee kidogo, mlango unafungwa.

Ndani karatasi ziligeuzwa zote pamoja, zikavuma kama ndege walioshtuliwa. Kupitia dirishani Marudio aliwaona wakiinama, tosi zote juu, hakuna aliyewakataza. Alivuka uwanja. Alisimama chini ya bango, mahali ambapo kitabu kilikuwa kinaanzia, kikubwa kuliko kitanda chake. Akasogea. Herufi zilikuwepo, mistari ilikuwepo, na swali la tatu lilikuwa pale upande wa kulia. Alisogea zaidi, akabana uso kwenye plastiki, viganja pembeni ya macho. Kila alivyokaribia, herufi zilivunjika zikawa madoa, madoa meusi tu, kama chawa wa mchele.

"Dada," mlinzi alimwita kutoka kwenye kiti chake, bila ukali. "Usiliguse. Litachafuka unga."