Pacha wa Mkoa wa Aga

Mavyaa wangu, Bi Butidma, alikuwa pacha wa mkoa. Cheti chake kilisema alizaliwa tarehe 26 Septemba 1937, siku ileile ambayo Moscow iliikatakata jamhuri ya Waburiati na kipande chetu kikawa mkoa wa Aga. Siku ya kukatwa tukaifanya sikukuu. Kila ilipofika miaka ya kushangilia, mavyaa alipandishwa jukwaani, akapewa maua, na mkuu wa wakati huo akasema wote wawili wanazeeka vizuri.

Mwaka 2007 tukapiga kura mkoa ufutwe, tuunganishwe na mkoa jirani wa Chita. Karibu wote tulisema ndiyo. Mimi pia nilisema ndiyo, na sikumbuki vizuri kwa nini.

Mkoa ulipaswa kwisha tarehe mosi Machi mwaka uliofuata. Mume wangu, Zorigto, alikuwa kwenye ofisi ya utamaduni, na kati ya watu tisa wangebakizwa watatu. Mkuu wake alimwambia bila kuzunguka: mama yako akiikabidhi bendera ya mkoa jukwaani, meza yako ipo.

Mavyaa akakataa.

"Maiti aliyezaliwa mwaka wangu simgusi mimi."

"Mama, ni kitambaa tu!"

"Na sanda ni nini?"

Kwetu mtu akifa, lama, mtawa wa Kibudha, hufungua kitabu na kusema watu waliozaliwa miaka gani wanaweza kumshika; asiyeruhusiwa akimshika, humfuata kaburini. Zorigto akaona heri kitabu kimsaidie. Tukaenda watatu kwa lama Nimajap. Hakucheka. Alivaa miwani.

"Marehemu alizaliwa saa ngapi?"

"Saa za kazi," Zorigto akasema. "Ulikuwa uamuzi wa ofisi."

"Na atafariki saa ngapi?"

"Saa sita usiku."

"Ya wapi?"

Zorigto akafikiri. "Ya Moscow, nadhani. Kwetu itakuwa saa kumi na mbili asubuhi."

"Basi hata kufa hafi kwa saa zake," lama akasema, akaandika.

Kitabu kikatoa jibu: wa Mwaka wa Ng'ombe wasimkaribie. Wa Panya na wa Sungura wanaruhusiwa. Kwetu kila mwaka una mnyama wake, na 1937 ulikuwa wa Ng'ombe.

Ndani ya gari Zorigto aliegemea usukani bila kuwasha.

"Mama, nakaribia hamsini. Nani ataniajiri? Nikachunge kondoo?"

"Kondoo watakukimbia." Kisha mavyaa akaongeza: "Mimi ni Panya."

Akatueleza taratibu, kama anayeeleza jinsi ya kuchemsha chai. Alizaliwa majira ya baridi, kabla ya Mwezi Mweupe, mwaka mpya wetu, Mwaka wa Panya haujaisha. Baba yake alikwenda kumwandikisha vuli. Karani alikuwa na gazeti mezani lenye habari za mkoa mpya, akanakili tarehe ya kuzaliwa mkoa. Wiki hiyohiyo karani akakamatwa, na hakuna aliyetaka kwenda kuuliza habari za karatasi zake.

"Kwa hiyo bendera unaweza kuishika!" Zorigto akasema.

"Naweza. Lakini mimi si pacha wa mtu."

"Hilo hatumwambii mtu."

Siku ya siku mavyaa akatangazwa pacha, akaishika bendera kwa mikono miwili, akaikabidhi. Watu walilia. Wazee wa safu ya mbele, wanaojua miaka, walifunika midomo: Ng'ombe kamshika Ng'ombe.

Zorigto alibakizwa. Na sisi tukaanza kupokea wageni. Wanaleta siagi, maziwa yaliyokaushwa, mara moja kondoo mzima. Bi Tsipilma, jirani yetu, huja kila Jumanne na kumshika mkono.

"Butidma mwenzangu, unakula?"

"Nakula."

"Kula, shoga yangu. Usijinyime sasa."

Kisha huniuliza kwa sauti ya chini, lakini si ya chini ya kutosha, kama nguo za mwisho zimeandaliwa. Mavyaa hufungua mdomo kusema, humtazama mwanawe, hufunga.

Jana Zorigto alimkuta uani akipasua kuni.

"Mama! Wageni wako njiani. Walau ulale."

"Nilale mpaka lini?"

Zorigto akahesabu kwa vidole.

"Mpaka nistaafu."

Mavyaa akampa shoka, akaingia ndani, akavua viatu, akajifunika mpaka kidevuni.