Hina ya Istar

Nyumba ya Istar ilipoungua katika purukushani za vita vya shifta, hakuna aliyetaka kusema ni nani aliyewasha moto. Miaka ile hapa Isiolo ulimi ulikuwa kitu cha kuchungwa. Lakini majirani watatu walijitokeza kumjengea nyingine bila kuitwa na bila malipo: Kiogora, fundi wa mbao kutoka Meru; Karimi, muuza miraa na shoga yake Istar; na mzee Awale, mwenye lori ambalo Abdinur, mumewe Istar, alikuwa ameondoka nalo kwenda Garbatulla.

Ungewaona wakifanya kazi ungefurahi. Kiogora ananyoosha mkono tu, ufito umeshamfikia. Karimi anakandika upande huu, Awale keshapeleka udongo upande ule. Hawakuhitaji maneno, na jambo hilo Kiogora alijivunia mno, maskini.

Walikuwa bado wanachimba mashimo ya nguzo Awale alipofika kazini uso umemsawijika. Aliwaita wenzake nyuma ya rundo la fito. Lori lilikuwa limekanyaga bomu lililotegwa barabarani, na Abdinur ameshazikwa huko huko Garbatulla.

"Lazima Istar aambiwe," alisema Awale.

"Lazima," alisema Karimi.

Kiogora aliitikia kwa kichwa. Kisha wote watatu wakarudi kazini, na hapo ndipo walipoharibu. Hakuna aliyeuliza ni nani atakayesema. Kiogora alijiambia kwamba msiba wa Waislamu huletwa na Mwislamu mwenzao. Yeye fundi wa mbao angeanzia wapi?

Kesho yake, akisimamisha nguzo, alimwona Karimi ameketi na Istar penye mafiga, Istar anafuta machozi. Basi ameshaambiwa, akawaza, na moyo ukamtulia. Ni aibu kusema, lakini ulimtulia. Kumbe ulikuwa moshi wa kuni mbichi tu. Tangu siku hiyo kila Istar alipocheka akiwaletea chai, Kiogora alimstahi kama mjane mwenye moyo mgumu.

Siku ya kupachika mlango, Istar alikuja hina imemkolea viganjani hadi kwenye ncha za vidole.

"Fundi, nyuma ya mlango piga msumari kubwa. Abdinur akikuja ataweka koti yake."

Kiogora aligeuka, nyundo mkononi. Alimtazama Karimi. Karimi alimtazama Awale. Awale alimtazama Kiogora, na macho yote yaliuliza swali moja: si wewe ulimwambia?

Angeweza kuupiga ule msumari. Alitamani sana kuupiga, Mungu amsamehe. Akaweka nyundo chini.

"Istar, keti kwanza."

"Sema tu, fundi."

"Abdinur hatakuja. Lori ilikanyaga bomu. Walimzika Garbatulla."

Hakupiga kelele. Alitamka innalillahi kwa sauti ndogo, akashika kizingiti. "Lini?"

"Tukichimba mashimo ya nguzo."

Istar aliitazama nyumba taratibu, kuanzia bati, akashuka kwenye kuta zilizokwisha kukauka, mpaka chini nguzo zilipozama ardhini. Kisha akaitazama mikono yake.

"Eda yangu ilianza hiyo siku," alisema. "Nilikuwa nikae ndani nimwombee bwana yangu. Nyinyi mkaniacha nacheka. Mkaniacha napaka hina, na yeye yuko mchangani."

"Mwanangu, mimi nilifikiri Karimi..." Awale alianza, akaishia hapo. Karimi alikuwa analia.

Istar alichota majivu penye mafiga, akasugua viganja. Karimi alimmiminia maji, naye akasugua tena, akasugua mpaka ngozi ikamwuma. Rangi ilibaki pale pale. Hina haina haraka ya kutoka.

"Wekeni mlango," alisema Istar mwishowe. "Nataka kufunga."

Wakaushika wote watatu. Awale aliuinua, Karimi alishikilia bawaba, Kiogora akakaza skrubu, kila mmoja akijua mkono wa mwenzake ulipo. Istar aliingia, akauvuta mlango kwa mikono yake myekundu, na komeo likalia kwa ndani.