Injini ya Kulia

Chuoni walimwita Mwewe, na jina likamganda. Wenzake walihangaika miezi kujifunza kutua. Yeye aliishusha ndege wiki ya kwanza kama mtu anayeweka kikombe mezani. Walimu wenyewe walikiri kwamba mikono ile hawakuifundisha wao. Basi kampuni moja ya ndege ilipotangaza nafasi za marubani, Mwewe alikwenda kwenye usaili kifua mbele, na saa zake mia mbili na kumi tu za kuruka.

Alipangwa pamoja na mwombaji mwenzake, mwanamke wa makamo aliyekuwa amerusha ndege za mizigo miaka kumi na mmoja. Mtihani ulifanyika ndani ya mashine ya mazoezi, kibanda kinachoiga chumba cha marubani mpaka mitikisiko yake. Dada yule aliisoma orodha ya ukaguzi neno kwa neno, kidole kikifuata mstari, na Mwewe akauma mdomo asicheke. Kwa mwendo huu, alijisemea, tutafika kesho kutwa.

Walipopaa, taa nyekundu iliwaka, ndege ikalalia upande. Injini moja ilikuwa imekufa.

"Tulia, tuhakikishe kwanza ni ipi," alisema dada.

Mkono wa Mwewe ulikuwa umeshafika. Akazima ya kulia, na kumbe iliyokufa ni ya kushoto. Dada alishika usukani, akashusha pua ya ndege, akaiwasha tena ile nzima, akawarudisha uwanjani bila kupandisha sauti. Mwewe alikaa tu, mikono mapajani.

Nje ya kibanda, mkaguzi mkuu, kapteni mwenye mvi, aliwauliza kilichotokea. Hakuuliza kwa ukali. Ingetosha Mwewe aseme amekosea, na yangeisha.

"Dada aliniambia ya kulia," alisema.

Dada aligeuka, akamtazama. Kapteni akabonyeza kitufe mezani. Kila kilichosemwa mle ndani kilikuwa kimerekodiwa, nao wote watatu wakaisikia sauti ya dada ikimwambia mtu atulie. Mwewe alitamani ardhi ipasuke immeze. Kapteni alimweleza, macho yakiwa kwenye karatasi, kwamba pupa wangeweza kumwondolea kwa mazoezi, na mikono ya namna ile hawaipati kila mwaka. Walikuwa wameshaamua kumchukua, kabla ya jibu lile. Kisha akamwambia anaweza kwenda.

Alimngoja dada getini, akamwomba radhi kwa maneno yaliyokwamakwama.

"Injini hata mimi nilishaikosea, mdogo wangu," alijibu dada. "Hilo lingine sijawahi." Akamuaga vizuri tu, akaenda zake.

Nyumbani Mwewe alimkuta mama yake sebuleni, simu sikioni. Mwewe alikuwa amemtumia ujumbe mfupi kwamba hakupita, na mama alikuwa ameshajijazia mengine.

"Ndiyo hivyo, wifi," alikuwa akisema, "wamepeana wenyewe kwa wenyewe. Mtoto wangu wamemwonea."

Mwewe alisimama mlangoni, viatu mkononi. Angenyamaza, ukoo mzima ungemhurumia. Alivuka sebule, akaiomba simu.

"Shangazi, hakuna aliyenionea. Nilikosea, nikamsingizia mwenzangu, wakanikamata."

Mama alikaa polepole kwenye kochi. Kisha shangazi akamuuliza, kwa sauti ya chini, kama amekula. Mwewe akaviweka viatu chini, akajibu kwamba bado.