Mizani ya Marobota

"Kupimana mmoja mmoja kumekwisha!" nikafoka. "Mimi ndiye niliyeanzisha kikundi hiki cha kupunguza uzito, na mimi ndiye ninayekigeuza."

Mwezi uliopita tulipimana hapa hapa karakana, mafundi cherehani sita, kila uzito ukitajwa kwa sauti. Alipopanda mizani mwenzetu Bi Vifungo, mkata vitambaa wetu akamcheka. Tangu hapo Bi Vifungo hali chakula cha mchana. Jana akaanguka kwa njaa juu ya cherehani yake.

Nikawaburuza wote stoo, kwenye mizani ya kupimia marobota ya vitambaa, pana kama kitanda.

"Tunapanda wote pamoja. Kilo zitakazotoka ni zetu sote."

"Tutajuaje nani anatuangusha?" akauliza mkata vitambaa, mwembamba kama uzi.

"Hatutajua! Ukimwona mwenzio ana soda, mletee maji badala ya kumcheka, maana soda hiyo itapanda mizani pamoja nawe. Na ukimwona hali chakula, mpelekee sahani, maana mwenye njaa ya mchana huivamia sufuria usiku."

Tukapanda. Bi Vifungo akabaki mlangoni, mikono kifuani.

"Nitawaharibia hesabu, dada zangu."

Mkata vitambaa akashuka. Nikadhani anatususia, damu ikanichemka. Kumbe anamfuata mlangoni.

"Dada, nisamehe. Bila wewe hesabu yenyewe ni ya uongo."

Akamshika mkono, wakapanda. Mshale ukaruka mbali. Hakuna aliyecheka.

Kisha tukaenda kula mchana, na Bi Vifungo akala.