Viti Ishirini na Vinne vya Maabara

Kirsten Tollefson alikuwa ameshachoshwa na neno "inategemea". Mshauri wake wa masomo kule chuoni Minnesota, Bwana Wexler, alikuwa na neno hilo moja tu mdomoni. Je, mtu anayejiandaa kwa udaktari anaweza kwenda kusoma Hispania muhula mmoja? Inategemea. Kemia akiisomea hukohuko Sevilla, vyuo vya udaktari vitaikubali? Inategemea. Inategemea nini sasa? Hapo Bwana Wexler hucheka kidogo na kumpa kijitabu.

Kwao Marekani udaktari hausomwi moja kwa moja. Kwanza umalize shahada nyingine, na humohumo upachike fizikia, biolojia na kemia, kila moja na maabara yake, kwa mpangilio usiosogezwa hata kidogo. Ukishasukwasukwa hivyo, vyuo vya udaktari vinakuuliza: mbona hujatembea ukaiona dunia? Jamani! Mtu ajigawe mara ngapi?

Kirsten alijigawa. Sehemu ya pili ya kemia ya kaboni ilifundishwa muhula uleule wa Hispania, kwa hiyo akapanga kuisoma kiangazi, wiki nane za kukabwa koo, ili mwaka unaofuata aombe nafasi ya udaktari pamoja na wenzake. Viti vya maabara ya kiangazi vilikuwa ishirini na vinne tu. Usajili ungefunguliwa mtandaoni Jumanne ya katikati ya Machi, saa moja asubuhi ya Minnesota, na viti hivyo huisha hujapiga hata chafya. Akikosa, mwaka mzima umekwenda na maji.

Jumapili ya kabla yake, Kirsten akiwa tayari Sevilla, mama yake, Darlene, alimpigia simu. Alikuwa mhudumu wa zamu katika nyumba ya kutunzia wazee, na udaktari wa binti yake alikuwa akiuota kuliko binti mwenyewe.

"Nipe hiyo paswedi yako ya usajili nikubonyezee mimi. Saa moja nitakuwa nimeshatoka kazini."

"Mama, nina miaka ishirini."

"Na ulipokuwa na kumi na tisa ulisahau siku ya mtihani wa kuendesha gari."

"Saa moja ya huko ni saa nane mchana huku. Tofauti ni saa saba, nimeshahesabu. Niachie mambo yangu, bwana!"

"Haya, bosi. Nimefunga mdomo."

Afunge mdomo nani? Darlene?

Jumanne, saa saba kamili mchana, Kirsten alikuwa darasani akijifunza Kihispania cha hospitalini, jinsi ya kumuuliza mgonjwa choo kikoje. Simu ikatetemeka. Mama. Akaikata. Ikatetemeka tena. Mama. Akaikata huku meno yameumana, maana mwalimu alishaanza kumtazama. Ya tatu hakuingoja ijitambulishe, akaizima kabisa na kuitupa mkobani. Mtu anakuja hadi ng'ambo ya bahari, bado anafuatwa!

Saa nane kasoro dakika kumi alikuwa amekaa mkahawani, kompyuta wazi, kidole tayari. Saa nane kamili akabonyeza. Ukurasa ukamjibu: Viti vimejaa. Wewe ni wa kumi na tisa kwenye orodha ya kungojea.

Akabonyeza tena. Wa kumi na tisa.

Ilimchukua dakika nzima kuelewa. Wamarekani, kila Machi, husogeza saa zao mbele kwa saa moja, watu wazima na akili zao. Wahispania nao husogeza, lakini wao hungoja hadi mwisho wa mwezi. Wiki hizo za katikati tofauti si saa saba tena, ni sita. Saa moja ya Minnesota ilikuwa saa saba ya Sevilla.

Akampigia Bwana Wexler kwa kompyuta.

"Pole sana," Bwana Wexler akasema, akitafuna kitu. "Ila barua pepe ilieleza wazi kwamba ni saa moja ya huku."

"Ninajua ni ya huko! Nikibaki kwenye orodha nitapata?"

"Kumi na tisa, eh? Inategemea."

Nusura aitupe kompyuta barabarani.

"Kuna fomu ya kuahirisha maombi ya udaktari kwa mwaka mmoja," akaendelea Bwana Wexler. "Nakutumia. Ijaze leo."

Fomu ikaja. Penye "Sababu ya kuchelewa" Kirsten akamwaga hasira zote: saa za Marekani, saa za Hispania, chuo kisichojali wanafunzi wake walio nje, washauri wasioshauri. Mistari kumi na mitatu. Kisha akawasha simu ili akamlilie mama yake juu ya huyo Wexler.

Ujumbe wa mama ukaanza kumiminika.

*Viti vimefunguliwa. Uko wapi?*

*Vimebaki kumi na tisa. POKEA SIMU.*

*Kumi na moja.*

*Vinne. Kirsten tafadhali.*

*Basi.*

Wa mwisho ulikuwa wa saa moja na dakika sita, asubuhi ya Minnesota. Akapiga. Simu ikapokelewa papo hapo.

"Umeona?" Darlene akauliza.

"Nimeona. Ulijuaje hesabu ya viti?"

"Ukurasa wa viti si kila mtu anauona? Kubonyeza tu ndiko hadi uwe na paswedi." Akavuta pumzi. "Hata sare ya kazi sijavua. Nimekaa hapa navitazama vinaondoka kimoja kimoja, Kirsten, na sina la kufanya."

Kirsten alizoea mama wa kumgombeza. Huyu asiyegomba hakumjua.

"Nenda kale," mama akasema, na simu ikakatika.

Kirsten akairudia fomu. Akafuta mistari yote kumi na mitatu. Penye sababu ya kuchelewa akaandika: *Mama alinipigia simu kwa wakati. Nilimkatia.*

Akaituma kwa Bwana Wexler.