Daftari la Oda Laenda Hospitali

Dada yangu ni fundi cherehani. Kwa miaka kumi na miwili amewapima watu viuno bila kutaja namba ya mtu kwa sauti. Mteja akiwa na inchi hamsini, Dada ananinong'oneza sikioni kama anatoa siri ya serikali, nami naandika. Ndiyo heshima ya duka letu. Yeye mwenyewe hakuna aliyewahi kumnong'oneza. Yeye hutangaziwa.

"Fundi, leo umejaza mlango!"

"Fundi, hicho kiti kimeomba likizo, mpe."

Hiyo ya kiti ni yangu. Niseme mapema ili msije mkanishangaa mbele: mimi ndiye mdogo wake, nashona vifungo, naandika oda, na ulimi wangu hauna breki.

Lakini si mambo yote yalikuwa ya kuchekesha. Kuweka alama za pindo la gauni lazima fundi apige magoti, pini mdomoni, azunguke miguu ya mteja sentimita kwa sentimita. Dada alikuwa hawezi tena. Magoti yamegoma, sukari imepanda, presha nayo ikasema isiachwe nyuma. Mapindo nikayachukua mimi, na mapindo yangu yalikwenda kama watu waliotoka kugombana, kila mmoja na njia yake. Bibi harusi mmoja aliondoka na gauni refu mbele, fupi nyuma, nikamwambia ndiyo mtindo. Dada aliliona lile gauni likitoka mlangoni. Kesho yake akaenda kliniki.

Huko ndiko alikoambiwa kuhusu upasuaji wa kupunguza tumbo. Wanalikata tumbo la chakula, wanakuachia dogo, unashiba kwa vijiko vichache, na sukari nayo mara nyingi inashuka. Hospitali kubwa inayofanya kazi hiyo hufungua orodha mara mbili tu kwa mwaka, na huingii mpaka upite mbele ya jopo la watu watatu. Sharti la kwanza ni hesabu ya uzito kwa urefu. Hiyo Dada aliipita bila kubisha hodi.

"Huu ndio mtihani wa kwanza katika ukoo wetu kufauliwa bila kusoma," nikamwambia.

Akacheka. Wakati huo alikuwa bado anacheka.

Masharti mengine yalikuwa na meno. Apunguze kilo tano mwenyewe ndani ya miezi mitatu, kuonyesha kwamba ana nia. Aandike kila kinachoingia mdomoni, muda uleule, bila kuruka. Na siku ya jopo aje na ndugu atakayemwangalia baada ya upasuaji.

Shemeji, mume wake, ni dereva wa lori la safari ndefu, nyumbani tunamwona mara mbili kwa mwezi. Alipigiwa simu akajibu, "Mke wangu, mimi nakupenda kilo zote. Wewe chagua unazotaka kubaki nazo." Safi. Shida ilikuwa Shangazi, dada wa marehemu baba, ambaye kila siku saa nne huja kukaa dukani kwetu kwa sababu nyumbani kwake hakuna wa kumkosoa.

"Kukatwa tumbo?" Shangazi alisema. "Funga mdomo! Fundi mzima unashindwa kufunga mdomo, na vifungo viko hapo kopo zima!"

"Shangazi, nimejaribu miaka nane."

"Hujajaribu. Umeonja kujaribu, ukaongeza sahani."

Hospitali walimpa Dada kijitabu kizuri cha kuandikia chakula. Siku ya nne nikakiweka juu ya meza ya kupigia pasi, kisha nikaweka pasi juu ya kijitabu. Pasi haikuuliza. Kikanywea kama jani, harufu ikabaki wiki nzima. Ndipo Dada akaamua kuandika kwenye daftari la oda, ukurasa wa nyuma, kama mteja mwingine yeyote.

Sasa, duka letu lina kanuni. Fundi akiwa anashona, mkono hautoki kwenye kitambaa. Akitaka kitu kiandikwe anapaza sauti, "Andika!" na yeyote aliye karibu na daftari anaandika: mimi, mteja, hata mtu aliyeingia kuulizia njia. Tumefanya hivyo miaka yote na hakuna shati lililopotea. Kwa hiyo Dada akila, anapaza sauti, na aliye karibu anaandika. Na kwa kuwa mizani hatuna, ila tepu ya kupimia iko shingoni mwake saa zote, chakula nacho kikapimwa kwa tepu.

Daftari la oda lina safu ya Kipimo. Pia lina safu ya Marekebisho, ya kuandika mambo kama "mkono upunguzwe" au "zipu ibadilishwe." Ukimwachia mtu safu tupu na kalamu, usitegemee kwamba ataiacha tupu.

Miezi mitatu ikapita. Wiki ya jopo Dada akanipa kijitabu kipya. "Nakili yote, kwa mwandiko mzuri. Chakula tu. Kule pembeni usiguse." Nikaahidi. Nilifika wiki ya pili, nikaanza kusoma ya pembeni, nikacheka mpaka jirani fundi saa akaja kuuliza kuna nini, nikamsomea. Asubuhi ya jopo kijitabu kilikuwa na kurasa tatu. Dada akakifunga taratibu, akalitia daftari la oda kwenye mfuko, kubwa kama trei, nyuzi zikichungulia pembeni.

"Twende," alisema. Mimi nilitamani anitukane.

Shangazi alikuwa anatusubiri mlangoni, amevaa viatu vya msibani. "Naenda kuwaambia madaktari wasimkate mtoto wangu," akasema, na hatukuwa na nguvu ya kumzuia.

Tulimwacha kwenye benchi la ukumbini tukaingia. Jopo lilikuwa daktari wa upasuaji, mwanaume mwenye vidole virefu. Mtaalamu wa lishe, kijana mwenye kikokotoo. Na mshauri, mama mmoja wa miwani ambaye alionekana hajawahi kudanganywa akaamini. Kwanza mizani. Dada alikuwa amepungua kilo sita na nusu. Nikataka kupiga kigelegele, nikajizuia.

Mtaalamu wa lishe akafungua daftari.

"Viazi viwili," akasoma. "Duara. Inchi mbili na robo." Akalisogeza daftari karibu. "Mkate, inchi nne kwa nne, unene nusu inchi. Ndizi, inchi sita, kwa kufuata mpindo." Akainua macho. "Mama, ulipima kwa kitu gani?"

"Kwa tepu."

"Na uji huu? Umeandika inchi tatu."

"Kina cha kikombe. Nilizamisha kijiko, nikapima kijiko."

Kijana akabonyeza kikokotoo kwa muda mrefu, akaandika, akafuta, akaandika tena. Mwishowe akasema, "Nina wagonjwa wananiandikia 'kidogo' na 'kiasi.' Huyu angalau naweza kumpigia hesabu." Nikaona tumepita.

Ndipo yule mama wa miwani akavuta daftari upande wake, akaanza kusoma safu ya Marekebisho.

"'Chai bila sukari. Mdomo umesema hapana, macho yamesema vijiko viwili.' Huyu nani?"

"Mteja," Dada akajibu. "Mwenye sare za kwaya."

"'Ameonja keki ya mwanangu. Kidole kimoja. Nimemwona.'"

"Mteja mwingine. Ni kweli, nilionja. Ndiyo maana nilimwambia aandike."

"'Hii njaa ni ya kujitakia. Wenzio tunafunga midomo na tunaishi.' Na hii: 'Yai la pili la nini?' Na hii: 'Atakatwa bure, ataota tena.'"

"Shangazi."

"Kurasa zote hizi?"

"Anaandika haraka."

Mama wa miwani akafungua ukurasa mwingine, akasoma kwa sauti ileile ya kawaida. "'Biskuti nne. Mteja ameongezeka. Kitambaa kiongezwe mita mbili, tena kile cha hema.'"

Kijana akaweka kikokotoo chini. Siku ile dukani walikuwepo watu watano na wote walicheka, na mimi niliona nimeandika jambo la akili sana. Pale, mbele ya ukuta mweupe na mizani, lilisikika kama kitu cha mtu nisiyetaka kumjua.

"Huyu ni nani?" akauliza.

"Mimi," nikasema.

"Na wewe ndiye ndugu uliyekuja kumwangalia?"

Nikaitikia kwa kichwa. Ulimi, mara ya kwanza tangu nizaliwe, ulitafuta pa kujificha.

Mama akavua miwani. "Fundi, nikwambie wazi. Kilo umetimiza, hesabu umetimiza. Lakini baada ya upasuaji utakula vijiko vitatu, vinne, kwa wiki nyingi, na utakuwa dhaifu. Ukizungukwa na watu wa hivi, wengi hukata tamaa au hula kwa kificho. Naona nikurudishe orodha ijayo. Miezi sita, utafute mazingira mengine."

Dada alisogeza kiti mezani. Alivuta daftari, akaligeuza.

"Mama, mazingira mengine yapo wapi? Nielekeze nihamie leo. Hawa walikuwepo kabla ya daftari. Walisema nikila, wakasema nisipokula, na sasa wanasema nakwenda kukatwa kwa sababu ni mvivu. Tofauti ni kwamba safari hii wameandika." Akaweka kidole kwenye ule ukurasa wa biskuti. "Hapo pembeni ni maneno yao. Lakini angalia huku, kwenye kipimo. Biskuti nne. Nani aliyesema ni nne? Mimi. Duka limejaa, najua huyu mtoto atasema nini, na nikapaza sauti, biskuti nne, andika. Ningeweza kusema moja. Ningeweza kuzila chooni. Siku tisini na moja, sikuficha hata punje. Unaogopa nitakula kwa kificho? Mimi nimekula mbele ya Shangazi."

Daktari wa upasuaji akakohoa, kikohozi cha mtu anayemeza kicheko.

Mama wa miwani akalisoma tena daftari, safari hii upande wa kushoto, ukurasa kwa ukurasa. Hakuwa na haraka. Sisi tulikuwa nayo.

"Bado nahitaji ndugu wa kusaini," akasema. "Huyu siwezi kumkubali peke yake. Kuna mwingine?"

"Yupo Shangazi," Dada akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaja moto baada ya kuulizwa kama kuna maji.

Shangazi akaingia, viatu vikilia. Mama wa miwani akamwelezea kwa upole: mgonjwa anahitaji watu wa kumtia moyo, na jopo lina wasiwasi kwamba nyumbani kwake hawapo.

"Hawapo?" Shangazi akasimama wima. "Nani kasema huyu hana watu? Mimi nimekaa na huyu mtoto kila siku ya Mungu tangu saa nne!"

"Ndiyo, mama, na umeandika hapa kwamba atakatwa bure."

"Nimeandika! Ni wangu, namsema! Wewe una haki gani ya kumwambia hana watu? Umemjua lini?" Akanigeukia. "Na wewe umekaa kimya tu, wanamtukana dada yako?"

"Mama," akasema mama wa miwani, "nakuuliza swali moja. Akitoka kwenye upasuaji, atakunywa supu iliyochujwa, vijiko vinne, kila baada ya saa tatu. Nani ataichuja?"

"Mimi. Huyu mdogo ataunguza, aliunguza hata kijitabu chenu."

"Na akiishia kijiko cha pili, akasema amechoka?"

Shangazi akainua mkono kana kwamba ameshika kitu. Nadhani alikuwa anaona kile kijiko. Alimtazama Dada kwa muda, magoti yake yaliyovimba, tepu shingoni. "Basi nitangoja," akasema polepole. "Nitapasha tena."

"Bila kusema kitu?"

"Hapo umenibana." Akafikiri kweli. "Nitakuwa natoka nje, nasemea huko."

Mama wa miwani akavaa miwani yake, akatusogezea fomu, tukasaini wote wawili, mimi na Shangazi. Mimi niliandikiwa sharti langu kwa mkono: nisiandike wala kusema neno juu ya chakula cha mgonjwa mpaka kliniki iruhusu. Dada akapewa tarehe, wiki ya tatu ya mwezi unaofuata. Aliishika ile karatasi kwa mikono miwili, kama kitambaa ambacho hakipatikani tena dukani.

Ukumbini Shangazi akatangulia. Mimi na Dada tukabaki nyuma, maana hatua zake ni ndogo.

"Ile ya hema iliniuma," akasema bila kunitazama. "Nilicheka kwa sababu watu walikuwa wanacheka."

Nilikuwa na majibu manne tayari, mawili yakichekesha sana. Nikayaacha. "Nisamehe, Dada. Niliona wanacheka, nikadhani na wewe."

"Nimesikia." Akapumzika, mkono ukutani, akavuta pumzi. "Utani usiache, nitakufa kwa upweke. Lakini tumbo langu liache. Nitanie mambo mengine, mbona ninayo mengi."

"Kama mume wako anavyoimba?"

"Kama hiyo."

Mbele yetu benchi zima lilikuwa limegeuka. Shangazi alikuwa amesimama katikati ya wagonjwa wanaosubiri jopo, mkono hewani, anawaelekeza.

"Ukiingia, yule wa miwani usimwogope," alikuwa anasema. "Mwambie kila kitu, andika kila kitu, hata biskuti. Mimi wangu nimempitisha saa hii hii!"

"Wahi," Dada akaniambia, "kabla hajaingia naye huyo wa kwanza."

Nikawahi. Nilichelewa. Alikuwa ameshamshika mkono yule mgonjwa na anabisha hodi.