Kura ya Kufumba Macho

"Lazeni vichwa. Kila mtu amefumba?" aliuliza Mwalimu Kuwahara, na wasichana thelathini na wawili wa Kidato cha Pili B wakalaza nyuso juu ya madawati. Ndivyo kura zilivyopigwa siku zote katika shule ile, ili mtu aseme la moyoni bila kumwonea mwenzake haya. Mwenye kuiona mikono ni mwalimu peke yake.

Swali lilikuwa moja: siku ya michezo wajenge tena piramidi ya watu, ngazi sita, au waache? Mwaka uliopita msichana mmoja alitoka humo na meno yake mawili mkononi.

"Wanaokataa, juu."

Chigusa Mizoguchi aliinua mkono. Halafu akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aanze shule: alichungulia juu ya kiwiko. Alikaa dawati la nyuma, kwa hiyo aliwaona wote. Akahesabu taratibu, mara mbili. Mikono ishirini na mmoja.

Walipoinua vichwa, ubaoni palikuwa pameandikwa: wanaotaka, thelathini, wanaokataa, wawili. Kila aliyekataa alijiona ndiye mmoja wa wakorofi wawili, akatazama vidole vyake.

"Basi mmeamua wenyewe," mwalimu alisema, amechangamka. "Mwanafunzi anayeshiriki ndiye mwenye raha. Sasa nisije nikasikia mtu ananung'unika."

Chigusa angesema nini? Kusema aliona ni kukiri kwamba alifumbua macho, na pale shuleni hilo lilikuwa kosa baya kuliko uongo wa mwalimu. Akanyamaza, na hakujisamehe kwa kunyamaza kule.

Kwa kuwa alikuwa na mifupa mikubwa, aliwekwa ngazi ya chini, katikati. Wiki ya pili ya mazoezi wenzake walimporomokea, kifundo cha mkono wa kulia kikavunjika mahali pawili. Mama yake aliitwa, akaja mbio kutoka kiwanda cha tofu na kofia ya plastiki bado kichwani. Mkuu wa shule alimweleza kwa upole kwamba piramidi ilikuwa uamuzi wa watoto wenyewe, na kura ipo. Mama akainama mpaka paji la uso likakaribia meza. Aliomba radhi kwa usumbufu ambao binti yake amewaletea wenzake, maana sasa ngazi ya chini imepungukiwa mtu.

Njiani Chigusa alimuuliza, "Mama, unaomba msamaha wa nini? Si mimi niliyevunjika?"

"Barua yako ya kwenda sekondari ya juu anaiandika nani?" mama alijibu bila kugeuka. "Tulia."

Hakutulia. Chuki ilimwingia siku ile, naye akailea vizuri.

Mahali pake aliwekwa Nanoha, rafiki yake mwembamba aliyekuwa akimbebea mkoba tangu avunjike. Chigusa mwenyewe hakuachwa akae pembeni.

"Kila mtu ashiriki, Mizoguchi," mwalimu alimwambia. "Mdomo wako haujavunjika, au?" Darasa likacheka. Akapewa kipaza sauti na karatasi ya kusoma.

Siku ya michezo wazazi walijaa kwenye mikeka ya plastiki, masanduku ya wali na mayai yamefunguliwa. Pili B wakajipanga uwanjani pekupeku. Chigusa akaanza kusoma: piramidi hii tumeichagua sisi wanafunzi, kwa hiari yetu. Hapo akaikunja karatasi.

"Pili B," alisema. "Inamisheni vichwa, fumbeni macho."

Wakafumba, kwa mazoea tu.

"Mlioikataa piramidi siku ile, juu."

Ukapanda mkono mmoja, ikapanda mitatu, kisha mingi kwa pamoja, na wa Nanoha ukiwemo. Chigusa akainua wake uliofungwa plasta ngumu.

"Sasa fumbueni, mtazamane."

Wakatazamana. Chigusa hakuwa na haja ya kuhesabu tena. Alimtazama Mwalimu Kuwahara, akaona uso unavyomsawajika mbele ya watu, akafurahi kuliko siku yoyote aliyowahi kuwa shuleni pale.

Mkuu wa shule alinyanyuka chini ya turubai, akaja bila haraka, akakichukua kipaza sauti huku akitabasamu.

"Wazazi wapenzi, shule yetu ndiyo hii. Hata anayekataa anasikilizwa. Na sasa, wote pamoja!"

Wazazi wakapiga makofi. Mama yake Chigusa naye alipiga.

Filimbi ikalia. Hakuna aliyesogea. Ikalia tena, ndefu. Msichana wa mwisho wa mstari akapiga magoti, kisha jirani yake, kisha Nanoha, ambaye alimtazama Chigusa wakati anaweka viganja kwenye changarawe. Wa ngazi ya pili wakapanda. Wa ya tatu wakapanda.

Chigusa alisimama na plasta yake, akihesabu ngazi. Ya nne. Ya tano. Iporomoke, aliomba kwa moyo wote, iporomoke hapa hapa wote wakiona, na alijua vizuri nani yuko chini. Msichana wa juu kabisa akaanza kunyoosha mikono.